Hatari ya Tsunami na Swali Nililolijibu kwa Haraka

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha Jiografia kidato cha 3, mada ya matetemeko ya ardhi, katika shule iliyo upande wa Ilemela, Mwanza, ambako Ziwa Victoria huonekana kupitia madirisha ya darasa hadi upeo wa macho. Nilikuwa nimechora ubaoni bamba moja la dunia likididimia chini ya jingine karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na nilikuwa nimekwisha kueleza namna sakafu ya bahari ilivyonyanyuka tarehe 26 Desemba 2004 na kuyasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake, mwanafunzi mmoja wa kike aliposimama na kuuliza: "Mwalimu, tsunami inaweza kutokea ziwani kwetu?" Nilimjibu kwamba haiwezi na kwamba asiwe na wasiwasi, nikafuta ubao, tukaingia kwenye volkano.

Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile. Kwa sehemu kubwa lilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ninamfahamu mtoto yule. Baba yake huvua dagaa usiku kwa karabai, mama yake huanika dagaa mchangani hatua chache kutoka majini, na nyumba yao iko mwaloni, pale mitumbwi inapotua na samaki hupokelewa. Niliposema "haiwezi", yeye alisikia kwamba hakuna hatari, na mwalimu hakupaswa kumwacha aondoke darasani na wazo hilo.

Nadhani chanzo cha kosa langu ni neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku tunalo neno hatari, na tumelitwisha mizigo mitatu. Wimbi tunaliita hatari, nyumba iliyojengwa pabaya tunaiita hatari, na uwezekano wa watu kufa nao tunauita hatari. Wanaofanya kazi ya kutathmini maafa huitenganisha mizigo hiyo, na katika andiko hili nitajitahidi kufanya hivyo. Tishio nitaliita lile jambo la asili lenyewe, yaani wimbi, tetemeko, dhoruba au maji kupanda, pamoja na ukubwa wake na mara ambazo linatarajiwa kutokea. Udhaifu nitauita ule wepesi wa watu, nyumba na shughuli zao kudhurika pale tishio linapofika. Hatari yenyewe nitaiacha iwe matokeo ya viwili hivyo vinapokutana mahali penye watu. Viwili hivyo huzidishana, kwa hiyo tishio dogo likikutana na udhaifu mkubwa laweza kuua watu wengi, na tishio kubwa mahali pasipo mtu laweza lisiue hata mmoja.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiko somo la tsunami liliko. Mtu anayepima tishio la tsunami kwa pwani yetu ya Tanga, Dar es Salaam, Kilwa au Mtwara huanza kwa kutafuta vyanzo. Kipo cha mbali, yaani ukanda wa Sumatra, ambako tetemeko la mwaka 2004 lilifikia ukubwa wa 9.1 na mawimbi yake yakaua watu wapatao 230,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Kipo pia cha Makran, kusini mwa Pakistani na Irani, kilicholeta tsunami mwezi Novemba 1945. Baada ya vyanzo huja hesabu ya mwendo. Zidisha kina cha maji kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, kisha utafute kipeuo cha pili, nawe utapata kasi ya wimbi. Katika bahari yenye kina cha mita 4,000 kasi hiyo hukaribia kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria, na hata hivyo wimbi kutoka Sumatra huchukua saa nyingi kufika Afrika Mashariki. Saa hizo ni mali. Yule aliyeko Aceh, kaskazini mwa Sumatra, hana.

Hatua inayofuata ni kuuliza wimbi litapanda hadi kimo gani na litaingia nchi kavu umbali gani, na hapo majibu hubadilika kutoka ghuba moja hadi nyingine kwa kufuata umbo la sakafu ya bahari, miamba ya matumbawe, mikoko, mteremko wa ufuo, na hata saa ya kupwa na kujaa. Siku ile ya mwaka 2004 mawimbi yalipofika kwetu mchana bahari ilikuwa bado haijajaa. Wimbi lilelile lingekuja wakati maji yamejaa pomoni, lingeanzia juu zaidi na kuingia mbali zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba pwani ya Tanzania iliona tsunami ndogo mwaka 2004 na kwa hiyo haina tishio kubwa, anapima jambo la miaka elfu kwa siku moja. Watafiti waliochimba katika eneo la Pangani walikuta tabaka la mchanga lililoachwa na tsunami takribani miaka 1,000 iliyopita, likiwa na mifupa ya watu ndani yake, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Hakuna mzee yeyote wa Pangani anayeweza kusimulia habari hiyo. Ni udongo uliosimulia.

Sasa turudi ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na pale penye kina kirefu zaidi hapavuki sana mita 80. Limekaa katika bonde pana lililo kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, wala halimo ndani ya ufa wenyewe kama Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, au Nyasa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba na kuua watu mkoani Kagera, ambalo sisi wa Mwanza pia tulilisikia, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Nishati iliyotolewa na tetemeko la Sumatra ilikuwa zaidi ya mara 60,000 ya ile ya Kagera, na kwa kawaida tsunami yenye madhara makubwa hutokana na matetemeko yanayozidi ukubwa wa 7. Kwa msingi huo tishio la tsunami ya tetemeko katika Ziwa Victoria ni dogo sana. Ningekuwa ninafundisha Kigoma ningejibu kwa tahadhari zaidi, kwa sababu kule kuna kina, kuna kuta za milima zinazoshuka moja kwa moja majini, na si mbali sana na hapo, upande wa Rukwa, lilitokea mwaka 1910 tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4.

Hata hivyo kusema kwamba ziwa haliwezi kuwa na tsunami kwa kuwa ni ziwa ni kosa la kisayansi. Mwaka 563 mlima uliporomoka mwanzoni mwa Ziwa Geneva huko Ulaya, na wimbi lililotokana nao likapiga miji iliyokuwa kandokando ya ziwa hilo. Mwaka 1963 huko Vajont, Italia, sehemu ya mlima iliteleza ndani ya bwawa na maji yaliyoruka juu ya ukuta yakaua watu karibu 2,000, ilhali ukuta wenyewe haukuvunjika. Kwetu Mwanza majabali tunayo tele, ila mengi yamekaa juu ya vilima kwa maelfu ya miaka na chini yake maji ni haba. Kama wimbi la namna hiyo lingeanza kwenye maji ya kina cha mita 40, lingekwenda karibu kilomita 70 kwa saa, na likiingia katika Ghuba ya Mwanza, ambako maji ni machache zaidi, lingepunguza mwendo hadi nusu ya hapo. Niliwapa wanafunzi hesabu hiyo waifanye wenyewe, na waliipenda kuliko mada yoyote ya muhula ule.

Baada ya hesabu, nilimwomba msamaha mwanafunzi yule mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba nilijibu swali la tishio nikaliacha swali la hatari, na kwamba la pili haliwezi kujibiwa darasani. Jumamosi moja, baada ya kupata ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo, tulikwenda kupima.

Vifaa vyetu vilikuwa kamba yenye mafundo kila mita moja, daftari, na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kusawazisha msingi. Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja pande zote mbili, hivyo wanafunzi wawili wakishika ncha zake waweza kujua tofauti ya kimo kati ya sehemu mbili bila mtambo wowote. Tulianzia kwenye ukingo wa maji tukapanda. Upande wa mchanga tulikuta nyumba iliyo zaidi ya hatua 100 kutoka majini, na bado sakafu yake ilikuwa juu ya ziwa kwa kimo kisichofika kifua cha mtu mzima. Upande wa mawe, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, nyumba iliyo hatua 20 tu kutoka majini ilikuwa juu kupita paa la ile ya kwanza.

Jambo hili linastahili kufikiriwa na kila anayeitaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Sheria hiyo naiunga mkono, na ninatamani iheshimiwe. Lakini mita 60 hupimwa chini, kwa kamba, wakati maji hupanda kwa kimo. Juu ya majabali ya Capri Point hapa Mwanza mita 60 zaweza kuwa ulinzi wa kutosha na ziada, na kwenye mchanga tambarare mita hizohizo zisimlinde mtu. Anayetathmini hatari ya maji lazima awe na ramani ya miinuko, na mahali ambapo ramani hiyo haipo, mpira wa fundi na wanafunzi wenye subira wanaweza kuianza.

Katikati ya upimaji alitukuta bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mkuyu akichambua dagaa. Wanafunzi walimwamkia, naye akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza, alicheka kidogo akaonyesha mti uliokuwa nyuma yake. "Mvua za Uhuru maji yalifika hapa, wajukuu zangu," alisema. "Baba yangu alifunga mtumbwi kwenye mkuyu huu." Tukaupima. Ulikuwa juu ya ukingo wa siku ile kwa kimo ambacho hakuna hata mmoja wetu angekiamini kama asingeambiwa na mtu aliyekiona. Mvua zile zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 hadi mwaka 1964, na alama hiyo ilikaa bila kufikiwa mpaka Mei 2020, ziwa lilipofurika tena na kuipita kidogo, likazamisha mialo, vyoo, mashamba na gati katika nchi zote tatu.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwaka ambao kwa maoni yangu unaeleza mengi kuliko zote mbili. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Ufuo ukawa mpana, mchanga mpya ukajitokeza, na watu wakayafuata maji wakajenga, kwa sababu mvuvi anataka kuuona mtumbwi wake akiwa mlangoni na mchuuzi anataka kuanika dagaa karibu na mahali anapowapokea. Wengi wao walikuwa vijana au wageni waliotoka mikoa mingine, ambao hakuna aliyewaonyesha mkuyu. Udhaifu wa mwaka 2020 ulijengwa tofali kwa tofali katika miaka ambayo tishio lilikuwa limelala. Sitaki kuwalaumu waliojenga. Nauliza tu ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuwaonyesha mti.

Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la mwaka 2004, wajibu huo ulibebwa na bibi na babu. Tsunami ya mwaka 1907 iliua watu wengi kisiwani humo, na waliobaki wakaliweka jambo hilo katika simulizi na nyimbo za kulaza watoto, kwa neno lao smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 wimbi liliwafikia katika dakika zisizozidi 10 hivi, muda ambao hakuna kituo chochote cha tahadhari kingeweza kuutumia vema, na kati ya wakazi zaidi ya 70,000 walikufa 7. Tishio lao lilikuwa kubwa kuliko la karibu kila mtu katika Bahari ya Hindi, na hatari yao ikawa ndogo. Upande wetu wa bahari, ambako zilikuwapo saa za kutosha, Kenya iliwaondoa watu fukweni na akaripotiwa kufa mtu 1, ilhali Tanzania ilipoteza watu zaidi ya 10, wengi wao wakiwa waogeleaji wa Jumapili ya siku ya pili ya Krismasi.

Nilipowasimulia wanafunzi habari za Simeulue, mmoja alisema kwamba bibi wa mkuyu naye ana smong yake, ila hajaulizwa. Tukakubaliana kumwuliza. Kwa ridhaa yake tulipiga mstari wa rangi nyekundu kwenye jabali lililo karibu na mti, usawa wa maji ya mwaka 1964, na mstari wa pili kwa mwaka 2020 kwa kufuata alama walizoonyesha wenye nyumba zilizoingiwa na maji.

Udhaifu wa watu wenyewe ulituchukua muda mrefu zaidi kuliko kupima vimo, kwa kuwa mpira wa maji hauwezi kuuonyesha. Tuliuliza nani hulala mwaloni, nani hawezi kutembea bila msaada, nani anajua kuogelea, na nani ana simu inayokuwa na chaji usiku. Wanawake wengi wa chanja za dagaa walituambia kwamba hawajui kuogelea, ingawa wamezaliwa na kukua ukingoni mwa maji. Katika vijiji vingi vya Aceh wanawake waliokufa mwaka 2004 walikuwa wengi kuliko wanaume, na miongoni mwa sababu zilizotajwa baadaye ilikuwa hiyohiyo ya kutojua kuogelea, pamoja na kuwa na watoto mikononi. Tulipouliza watu wangepitia wapi kama wangelazimika kupanda haraka, wote walionyesha njia moja, nyembamba, inayopita kati ya chanja na nyavu, na ambayo mvua kubwa inaponyesha huwa korongo la maji kutoka mlimani. Yaani njia ya kukimbilia hufungwa na tishio lilelile linalowakimbiza. Hilo sikulitarajia, na nimelipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi.

Inabaki sehemu ambayo upimaji wetu haukuigusa, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tulipima mchana, kwenye nchi kavu. Vifo vya ziwa hili kwa sehemu kubwa hutokea usiku, majini. Jioni nchi kavu hupoa kabla ya ziwa, upepo ukavuma kutoka pande zote kuelekea katikati, hewa ikakutana huko juu ya maji yenye joto na kupanda, na dhoruba za radi zikazaliwa saa zilezile ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali na taa zake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa ziwa zima ni watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka. Sijui kama msomaji ameisikia hesabu hiyo kama ninavyoisikia mimi. Tunapowafundisha watoto wa mwaloni juu ya tsunami ya Sumatra, ambayo ni haki yao kuijua, na tukanyamaza juu ya dhoruba inayoweza kumzuia baba asirudi leo usiku, tumepima mahali pasipo pao.

Na wakati mwingine hata dhoruba haihitajiki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, mchana, kikiwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya 101 walioruhusiwa, na wakafa watu zaidi ya 220. Hapakuwa na tufani wala tetemeko. Ukiandika tathmini ya siku ile katika safu tatu, safu ya tishio itakuwa karibu tupu na safu ya udhaifu itajaa hadi chini ya ukurasa. Baadhi ya wanafunzi wangu wana ndugu waliozikwa kutokana na ajali ile, na wengine wana jamaa katika makaburi ya Igoma, waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya mwaka 1996, kwa hiyo sehemu hiyo ya somo niliifundisha polepole.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na kati ya mwaka 2017 na 2021 nchi za ukanda huu zilifanya kazi na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ili utabiri huo uwe wa karibu zaidi na mvuvi. Kilichobaki ni kujua kama unamfikia kabla hajasukuma mtumbwi, na akiupata, kama ana uwezo wa kuutii huku mwenye mtumbwi na mkopo wa injini vikimsubiri. Kwa hiyo wanafunzi wangu wametengeneza daftari jingine lenye maswali machache: mitumbwi mingapi inatoka, watu wangapi katika kila mmoja, maboya mangapi, na nani ameusikia utabiri wa jioni hiyo na kwa njia gani. Binti aliyeniuliza swali lile ndiye aliyeandika maswali, na baba yake ameahidi kuwa wa kwanza kuyajibu. Kwa sasa mbalamwezi ni kali na dagaa hawavuliwi, mitumbwi imelala mchangani. Tutahesabu giza litakaporudi.